Kidonda sugu mguuni: Bei ya bandeji siyo gharama ya tiba

KWA mkulima wa jembe la mkono, miguu miwili yenye afya ni sehemu ya mtaji, sawa na mbegu, jembe na shamba lenyewe. Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambako mashamba mengi yako kwenye miteremko na mabonde, mguu wenye kidonda kisichopona ni mtaji uliolala.

Mvua za Kasulu na Kibondo huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, na kazi kubwa ya kupanda mahindi na maharage huangukia wiki chache za mwanzo. Mtu anayeshindwa kusimama shambani Novemba hapotezi siku hizo peke yake, kwani palizi ikichelewa mavuno hupungua, na mavuno yakipungua familia hununua chakula kwa bei ya Februari badala ya kula cha kwake. Kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha chupa kinaweza kula msimu mzima.

Pamoja na hayo, wagonjwa wengi wa vidonda sugu huchagua matibabu kwa kuangalia jambo moja tu, yaani bei ya kifaa cha kufungia. Mmoja hununua gozi ya bei ya chini kabisa na kuibadilisha kila siku kwa miezi minane. Mwingine huuza mbuzi ili anunue kifuniko cha kisasa alichoambiwa kinatoka Ulaya. Wote wawili wanaweza kuwa wamepata hasara, kila mmoja kwa njia yake.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo, siyo daktari. Lakini swali la kifaa kipi cha kufungia kidonda kinalipa ni swali la kiuchumi, na linajibiwa kwa kanuni ile ile anayoitumia mkulima makini anapochagua mbolea. Mkulima huyo haulizi tu mfuko ni shilingi ngapi. Huuliza mfuko huo utamwongezea magunia mangapi. Kwenye kidonda swali sahihi ni hili: mpaka kipone, kitanigharimu kiasi gani kwa jumla?

Siyo tatizo geni

Kidonda cha mguu kina historia ndefu katika uchumi wa Kigoma. Wakati wa ukoloni mkoa huu ulihesabiwa kuwa ghala la nguvukazi, na Waha wengi walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Chama cha kuandikisha vibarua wa mkonge, kilichojulikana kama SILABU, kilianzishwa mwaka 1944 na Kigoma ilikuwa miongoni mwa maeneo kilikochukua watu.

Katika mashamba makubwa ya zama hizo, kidonda ndugu kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowalaza vibarua wengi. Mwenye shamba alikiona kama siku za kazi zilizopotea, na kwa sababu hiyo tu ndipo alipojali kukitibu. Leo mkulima mdogo ndiye mwenye shamba na ndiye kibarua. Siku inayopotea ni yake, ila hakuna karani wa kumwandikia.

Ujue kidonda chako ni cha aina gani

Kabla ya kununua chochote ni lazima ijulikane kidonda kinatokana na nini, kwa kuwa kifuniko peke yake hakiondoi chanzo. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Aina ya kwanza ni kidonda ndugu. Huanza na mkwaruzo mdogo chini ya goti, labda wa jembe, kisiki au jani kali, kisha vijidudu huingia na nyama kuoza kwa haraka na kwa maumivu. Huwapata zaidi watoto na vijana wa vijijini, hasa msimu wa mvua, na lishe duni hukiongezea nguvu. Mwanzoni hutibika kwa usafi na dawa ya kuua vijidudu atakayoandika mganga. Kikiachwa huwa sugu, na kikikaa miaka mingi kinaweza kugeuka saratani ya ngozi.

Aina ya pili ni kidonda kinachotokana na mishipa ya kurudisha damu, yaani vena. Vali za mishipa hiyo zikilegea, damu hutuama miguuni, mguu huvimba, ngozi ya juu ya kifundo huwa nyeusi na ngumu, na kidonda hutokea mara nyingi upande wa ndani wa kifundo. Huwapata zaidi watu wazima, wakiwamo wanaosimama kutwa nzima na akina mama waliozaa mara nyingi.

Aina ya tatu ni kidonda cha unyayo au vidole kisichouma, ambacho huashiria kuwa mishipa ya fahamu imekufa ganzi kutokana na kisukari au ukoma. Mwenye kidonda hiki huendelea kukikanyaga kwa sababu hasikii maumivu. Hata akifungwa kwa kifaa cha dhahabu hakitapona mpaka uzito utolewe mahali hapo.

Aina ya nne ni kidonda cha mguu usiofikiwa na damu ya kutosha kutoka kwenye moyo. Mguu huwa wa baridi, huuma sana usiku, na mapigo ya damu juu ya unyayo hayasikiki. Mguu wa namna hii usibanwe kwa bandeji hata kidogo, kwani unaweza kukatwa.

Zipo pia sababu nyingine kama selimundu na saratani. Kwa hiyo matumizi ya kwanza yenye faida si ya gozi. Ni nauli ya kwenda kupimwa sukari na mapigo ya mguu katika kituo cha afya au hospitali kama ile ya Wilaya ya Kibondo au Kabanga iliyopo Kasulu. Anayeruka hatua hii anafanana na mkulima anayemwaga dawa ya wadudu kwenye mahindi yanayokosa mbolea.

Utafiti unasema nini kuhusu vifaa

Kwa muda mrefu watu waliamini kuwa kidonda kipone lazima kikauke. Imani hiyo ilianza kubomoka mwaka 1962, pale mtafiti George Winter wa London alipochapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe. Aligundua kuwa majeraha yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi mpya karibu mara mbili haraka kuliko yale yaliyoachwa wazi yakafanya gaga.

Sababu yake ni rahisi kuelewa kwa anayelima. Ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni kama mizizi, nayo hutambaa vizuri penye unyevu wa wastani. Gozi kavu iliyogandia kidondani ikibanduliwa kila asubuhi hung'oa miche iliyoanza kushika. Kwa upande mwingine, unyevu ukizidi ngozi ya pembeni hulainika na kuoza kama mche uliosimama majini.

Je, vifaa vya bei kubwa vinaponya haraka zaidi? Kwa vidonda vya mishipa ya vena, jibu linashangaza. Nchini Uingereza wagonjwa 213 walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ambapo vifuniko vyenye madini ya fedha vililinganishwa na vifuniko vya kawaida visivyogandia, na wote wakafungwa bandeji ya kubana. Baada ya wiki 12, waliopona kwa vifuniko vya fedha walikuwa asilimia 59.6, na kwa vile vya kawaida asilimia 56.7. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kuweza kutokea kwa bahati tu, wakati gharama ya vifuniko vya fedha ilikuwa kubwa zaidi.

Mapitio ya tafiti nyingi yaliyofanywa na mtandao wa kimataifa wa Cochrane nayo yalionyesha kuwa vifuniko vya kisasa vinavyogeuka jeli havikushinda kifuniko cha kawaida kisichogandia, ilimradi mguu umefungwa bandeji ya kubana juu yake.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha habari. Kwa kidonda cha vena, kinachoponya ni kubanwa kwa mguu ili damu iliyotuama ipande juu. Kifuniko kazi yake ni kulinda. Hata kati ya bandeji na bandeji ipo tofauti. Utafiti mwingine wa Uingereza wenye wagonjwa 387, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa nusu ya waliofungwa bandeji ya tabaka nne walipona ndani ya siku 92, wakati kwa bandeji ya aina nyingine ilichukua siku 126. Ingawa vifaa vya tabaka nne vilikuwa vingi zaidi, gharama ya jumla ilikuwa ndogo kwa sababu ziara za wauguzi zilipungua.

Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu vidonda na uvimbe wa miguu liliweka misingi mitano ambayo haitaji kifaa chochote cha kifahari. Misingi hiyo ni kuimarisha afya ya mwili wa mgonjwa, kukinga kidonda kisiumizwe, kukiweka safi, kukidumishia unyevu na kudhibiti uvimbe.

Tupige hesabu

Sasa tuingie kwenye daftari. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye kidonda cha vena anayeishi mbali kiasi na zahanati. Bei na muda wa kupona vilivyotumika hapa ni vya mfano tu ili kuonyesha njia ya kukokotoa; msomaji aweke vya kwake. Tuseme bodaboda kwenda na kurudi ni Sh4,000, na nusu siku ya kazi inayopotea kila safari ina thamani ya Sh2,500. Kila safari basi ni Sh6,500 kabla hata ya kununua kifaa.

Njia ya kwanza ni gozi kavu bila kubana mguu, mara tatu kwa wiki, vifaa Sh1,500 kila mara. Kila ziara ni Sh8,000, yaani Sh24,000 kwa wiki. Kidonda kikichukua wiki 24 kupona, gharama yote ni Sh576,000.

Njia ya pili ni gozi iliyopakwa mafuta safi ya mgando ili isigandie, pedi ya kunyonya majimaji, na bandeji ya kubana, mara moja kwa wiki. Vifaa ni Sh5,000, ziara ni Sh11,500. Bandeji zinazofulika ziongezwe, Sh20,000 mara moja tu. Kidonda kikipona kwa wiki 16, jumla ni Sh204,000.

Atakayesema muda wa wiki 16 ni wa kujipendelea ana haki. Basi tufanye njia ya pili nayo ichukue wiki 24 zile zile. Jumla inakuwa Sh296,000, karibu nusu ya njia ya kwanza. Akiba hii haitokani na kupona haraka. Inatokana na safari 24 badala ya 72.

Njia ya tatu ni kama ya pili, ila kifuniko cha kawaida kinabadilishwa kwa cha madini ya fedha na vifaa vinapanda hadi Sh25,000 kwa wiki. Kwa wiki 16 jumla ni Sh524,000. Kwa kuwa utafiti haukuona kikiponya haraka zaidi, Sh320,000 zimekwenda bila kurudi. Fedha hizo zingenunua mbolea.

Njia ya nne ni mgonjwa au ndugu yake kufundishwa na muuguzi, kisha kufunga nyumbani na kwenda zahanati kila baada ya wiki mbili. Vifaa vya wiki 16 ni Sh80,000, safari nane ni Sh52,000, bandeji Sh20,000. Jumla Sh152,000.

Hesabu hizi zinaonyesha kuwa kwa mtu wa kijijini, bei ya kifaa ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine ni safari na siku zilizopotea. Kifaa chenye bei ya juu kidogo kinaweza kuwa cha gharama ndogo endapo kinapunguza safari. Kifaa cha bei ya juu kisichopunguza safari wala muda wa kupona ni hasara tupu.

Namna ya kufanya nyumbani

Nawa mikono kwa sabuni. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi ikitumika iwe gramu tisa kwa lita moja, yaani karibu kijiko kidogo cha chai kimoja na nusu, bila kurundika. Tafiti hazijaonyesha kuwa maji safi ya kunywa huongeza maambukizi yakilinganishwa na maji ya chumvi ya hospitali, hivyo hakuna haja ya kuuza kuku ili kununua chupa za dripu za kuoshea.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi zisimwagwe kila siku, kwani huua vijidudu pamoja na chembe hai zinazojenga ngozi. Vivyo hivyo unga wa kapsuli za rangi mbili. Kuumwaga juu ya kidonda ni kutupa fedha na kuwafundisha vijidudu kuizoea dawa. Kinyesi cha ng'ombe, udongo na majivu visiguse kidonda kamwe, kwa hatari ya pepopunda.

Bandeji ya kubana ifungwe mara ya kwanza na mtaalamu, baada ya kuhakikisha mapigo ya unyayo yapo. Huanzia penye vidole, hufunika kisigino, na kupanda hadi chini ya goti, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, ifunguliwe mara moja. Kidonda kinachotoa majimaji mengi kibadilishwe kabla ya wiki kwisha. Wakati wa kupumzika mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo, na kifundo kichezeshwe mara kwa mara.

Chakula nacho ni dawa. Ugali wa muhogo peke yake haujengi nyama. Maharage yapo shambani, mayai yapo bandani, na dagaa wa Kigoma hufika sokoni Kasulu na Kibondo. Mgonjwa anayeuza mayai yote ili anunue gozi amegeuza mambo.

Asali: Tusijidanganye, tusiidharau

Wafugaji nyuki wa Kibondo na Kasulu huuliza kama asali yao inaweza kuuzwa kama dawa ya vidonda. Tanzania ni ya pili barani Afrika kwa uzalishaji wa asali baada ya Ethiopia, na misitu ya miombo ya Kigoma ni sehemu ya utajiri huo, kwa hiyo swali lina uzito.

Asali ina nguvu ya kweli dhidi ya vijidudu. Sukari yake nyingi hunyonya maji, ina uchachu, na ina kimeng'enya kinachozalisha haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa inaponya majeraha ya moto yasiyo ya kina kirefu haraka kuliko baadhi ya njia za kawaida.

Lakini kwenye kidonda cha vena habari ni tofauti. Utafiti mkubwa wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2008 ulihusisha wagonjwa 368, wote wakiwa wamefungwa bandeji ya kubana. Baada ya wiki 12, asilimia 55.6 ya waliowekewa asali walipona, wengine asilimia 49.7. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kusema asali imeshinda, na waliotumia asali walilalamika maumivu zaidi.

Aidha, asali ya utafiti huo ilikuwa ya kitabibu. Asali ya sokoni inaweza kuwa na mbegu za vijidudu hatari ambazo haziharibu chakula cha mtu mzima, lakini hazifai katika nyama mbichi. Ya kitabibu husafishwa kwa mionzi, kwa kuwa ukiichemsha unaua kimeng'enya kile kile kinachoipa nguvu. Hata iliyochanganywa na maji au sukari haijulikani kwa macho.

Kwa hiyo ushauri wa kibiashara ni huu. Asali iuzwe kama chakula bora, kwa viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo lilikabidhiwa masuala ya usalama wa chakula mwaka 2019 wakati TFDA ilipogeuzwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Ukiandika kwenye lebo kwamba inatibu vidonda umeingia katika eneo la dawa, ambako uthibitisho na usajili vinahitajika. Kikundi kinachotaka soko la asali ya kitabibu kianze na maabara na mnunuzi, siyo na lebo.

Jani la mgomba

Watafiti wa India walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kutumia majani ya mgomba kufunikia majeraha ya moto na sehemu zilizotolewa ngozi ya kupandikiza. Majani yaliyosafishwa na kuchemshwa kwa mvuke hayakugandia jeraha, maumivu ya kubadilisha yalikuwa madogo, na gharama ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na gozi yenye mafuta.

Buha ni nchi ya migomba, na vituo vyenye mtambo wa kuchemshia vifaa kwa mvuke vipo. Hata hivyo, utafiti huo haukuhusu vidonda sugu vya mguu, hivyo isieleweke kuwa mtu akate jani bichi akajifunge. Funzo lake ni kwamba sifa inayolipiwa katika kifuniko ni kutogandia na kutunza unyevu, na sifa hiyo inaweza kupatikana kwa fedha kidogo. Jambo hili linafaa kujaribiwa na wataalamu wa mkoa wetu chini ya usimamizi.

Kwa mwenye duka

Mwenye duka la dawa muhimu mara nyingi huweka gozi kavu, plasta na dawa ya bluu, kwa kuwa ndivyo vinavyoulizwa. Bandeji za kuvutika za upana wa kutosha, pedi za kunyonya na gozi zenye mafuta hazipatikani, na muuguzi anayemwelekeza mgonjwa akanunue hujua kuwa anamtuma bure.

Hapa kuna biashara ndogo yenye uhakika. Mfanyabiashara akae na muuguzi wa zahanati iliyo karibu, ajue wana wagonjwa wangapi wa vidonda, kisha aandae fungu la mwezi mmoja kwa mgonjwa mmoja. Mteja wa kidonda hurudi kila wiki kwa miezi. Atakayemuuzia kinachofaa atamwamini hata kwa mbegu na sabuni.

Viatu vya mpira vya shambani navyo ni bidhaa ya kinga. Mkwaruzo usiotokea hauhitaji gozi, na uliooshwa kwa sabuni jioni ile ile kwa kawaida hauwi kidonda ndugu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Halmashauri na kamati za zahanati

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, zikiwamo zahanati. Kamati za usimamizi wa vituo, ambamo wananchi wana wajumbe, hushiriki kupanga matumizi. Wajumbe wa Kasulu, Kibondo, na wa wilaya za Buhigwe na Kakonko zilizozaliwa kutoka kwao mwaka 2012, wanaweza kuuliza maswali mawili katika kikao: tumeagiza bandeji ngapi za kubana kutoka Bohari ya Dawa (MSD), na nani amefundishwa kuzifunga?

Muuguzi mmoja aliyefundishwa vizuri anaweza kuokoa fedha nyingi kuliko kabati zima la vifuniko vya kigeni. Kifaa kizuri katika mikono isiyojua kufunga ni kama mbegu bora iliyopandwa bila kupima nafasi.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mkulima anapojiunga na bima yoyote aulize mapema kama kitita chake kinajumuisha ufungaji wa vidonda vya muda mrefu na vifaa vyake, au kumwona mganga tu.

Weka daftari

Mkulima anayepima mvua na kuandika magunia anaweza pia kupima kidonda. Kila wiki pima urefu na upana kwa sentimita bila rula kugusa nyama, zidisha, kisha andika pamoja na tarehe na fedha zilizotumika. Kidonda cha sentimita sita kwa nne ni 24. Kikiwa nne kwa tatu baada ya wiki nne ni 12, kimepungua nusu na njia inayotumika inafaa.

Kama baada ya wiki nne hakijapungua hata karibu na nusu, usiongeze gozi ya aina ile ile. Rudi kwa mganga na daftari lako, muulize chanzo. Kidonda kilichopita miezi mitatu bila dalili ya kupona, au chenye kingo zilizoinuka na kutoa damu kirahisi, kichukuliwe kipande kidogo kikapimwe saratani, iwe katika Hospitali ya Maweni mjini Kigoma au kwa rufaa ya Bugando jijini Mwanza. Nauli ya Mwanza ni kubwa, lakini ni ndogo kuliko mguu.

Na kikishapona, kubana kusiachwe. Vidonda vya vena hurudi kwa urahisi, na soksi ya kubana inayovaliwa kila asubuhi kabla ya kwenda shambani ni sawa na tuta la kuzuia mmomonyoko. Hutengenezwa mara moja, hukaguliwa kila msimu, na hugharimu kidogo kuliko kurudisha udongo uliokwisha kwenda na maji.